Vuli ya Kukopa

Jani nililoamua kugombana nalo katika kurasa hizi ni lile la bendera ya Kanada. Lina ncha nyingi kama kiganja kilichotandazwa vidole, na tangu mwaka 1965 limekaa katikati ya bendera ile kwa heshima zake zote. Huko sina neno nalo. Neno langu linaanza pale ninapolikuta Mtwara, mwezi wa Oktoba, limepigwa kwa wino mwekundu juu ya karatasi ya manila, na chini yake mkono mzuri wa msichana wa hapa hapa umeandika: Salamu za Vuli.

Asiyezijua kadi hizi nimweleze, maana mtu hawezi kuwa mwamuzi wa ugomvi asioujua chanzo chake. Ni kadi za mikono. Unachukua manila nyeupe, unaikunja katikati, unakata kipande cha sifongo katika godoro bovu. Wino mwekundu na wa kijani ni ule wa pedi za mihuri, unauzwa madukani. Wa njano haupatikani kirahisi, kwa hiyo sisi tunaukoroga wenyewe kwa bizari ya manjano na spiriti. Na ukitia magadi kidogo tu, njano ile inageuka nyekundu ya udongo mbele ya macho yako, jambo ambalo vijana hawachoki kulitazama. Sifongo unaigusisha kwenye wino, unaipunguza kwanza katika karatasi ya kutupa, kisha unazungusha mkono polepole kutoka nje ya kadi kuingia ndani, kama mtu anayefuta meza asitake kumwamsha mtoto aliyelala karibu. Unaanza na rangi hafifu, unafuata na iliyokolea, mpaka pale rangi mbili zinapokutana mpaka usionekane. Barazani kwangu kazi hiyo tunaiita kuoza rangi, yaani kuiozesha nyekundu kwa njano zikae nyumba moja. Halafu juu ya usuli huo ndipo linapowekwa umbo la mti, ndege au jani.

Vijana sita huja kwangu Shangani kila Jumamosi kufanya kazi hiyo. Nimefundisha sanaa za mikono darasani kwa miaka mingi, na nasema bila kuwapendelea kwamba wana mikono mizuri kuliko wengi niliowapa alama. Si mikono ninayoilalamikia. Nalalamikia wanakoangalia. Wanajifunza katika simu, na simu hufundisha majira ya mahali ilikopigwa picha. Kwa hiyo msichana aliyezaliwa Chikongola, ambaye baridi kali kuliko zote aliyowahi kuisikia ni ya asubuhi ya Julai kabla ya jua kupanda, anachora majani ya Kanada yakianguka, boga la rangi ya chungwa lililotobolewa macho, kindi akikumbatia tunda la mti usio wa asili ya Afrika Mashariki, na pembeni kabisa anadondosha theluji kidogo kwa wino mweupe. Kisha ananiletea aniulize, "Bibi, imependeza?" Imependeza. Hapo ndipo ubaya ulipo.

Tuanze na neno lenyewe. Vuli ni neno letu la kale, nalo maana yake ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba wanazozijua watu wa Tanga, Dar es Salaam, Kilimanjaro na Kanda ya Ziwa. Wafasiri walipotafuta jina la majira ya Ulaya ambayo majani hupukutika, wakaliona vuli limekaa jirani katika kalenda, wakalitwisha mzigo huo bila kuliuliza. Lakini Mtwara hatuna hata ile vuli ya kwanza. Mvua yetu ni moja, ile ambayo watabiri wa hali ya hewa huiita mvua za msimu. Huanza Novemba au Desemba, na kutuaga Aprili au Mei. Kadi ya "Salamu za Vuli" inayotoka Mtwara, basi, ni salamu za mvua isiyonyesha kwetu zilizotumwa kwa jina la baridi isiyofika kwetu. Na kuna la tatu. Mji wetu uko nyuzi 10 na kitu kusini mwa Ikweta. Oktoba jua linawakimbia watu wa Ulaya na kuja kwetu. Karibu na tarehe 20 ya mwezi huo, saa sita mchana, linapita juu ya utosi, na mlingoti wa bendera unakaribia kukosa kivuli. Huo ndio wakati tunaouchagua kuandika kwamba siku zinafupika!

Hata hivyo jina ningelisamehe. Lugha imebeba majina mengi ya kukopa na haijavunjika mgongo. Nisichoweza kukisamehe ni rangi.

Kwao jani linakuwa jekundu kwa sababu linakufa. Siku zikifupika mti hujirudishia akiba iliyomo katika majani; kijani kinavunjika, njano iliyokuwa imejificha chini yake inajitokeza, na miti mingine hutengeneza wekundu wa siku za mwisho. Baada ya hapo ni upepo, na baada ya upepo ni theluji. Mtu wa huko anapomtumia rafiki yake kadi yenye jani jekundu anasema jambo analolijua: mwaka unazeeka, giza linaingia mapema, nimekukumbuka kabla ya baridi. Ni salamu yenye majonzi kidogo ndani yake, na ni ya kweli. Mjukuu wa Mtanzania aliyezaliwa Toronto akimtumia bibi yake jani hilo, bibi na alipokee kwa mikono miwili, kwa kuwa mtoto amechora kilicho nje ya dirisha lake.

Sasa panda basi hapa mjini mwishoni mwa Septemba, msomaji wangu, uende Masasi, yapata kilometa 200, na kama nauli inaruhusu uendelee mpaka Nanyumbu na Tunduru. Ukishaiacha mikorosho utaingia katika misitu ya miombo. Tangu Mei haijanyesha mvua ya maana. Nyasi zimeungua, ardhi imekuwa nyeusi kwa majivu, na vilima vya mawe vya Masasi vinatetemeka kwa joto. Katikati ya ukame huo miti imewaka: mwingine rangi ya shaba, mwingine rangi ya damu, mwingine dhahabu, mwingine zambarau iliyokaribia weusi, na yote imesimama pamoja kwenye mteremko mmoja. Mgeni atasema, kumbe na ninyi mna vuli! Mwambie asogee ashike. Majani yale ni laini na yananing'inia kama masikio ya mwana wa mbuzi. Yamezaliwa majuzi. Myombo hauisubiri mvua. Huchipua wiki kadhaa kabla yake, kwa maji uliyoyaweka akiba katika shina na mizizi, na jani changa hutoka limevaa wekundu kwanza, kijani chake kikiwa bado hakijaiva. Siku zikipita wekundu unazama, jani linakuwa la shaba, halafu kijani, na likiwa kijani ndipo mawingu ya kwanza yanapokusanyika.

Rangi ni ileile, lakini kwao ni kuaga na kwetu ni kubisha hodi. Lugha yetu ina mzaha wake katika jambo hili: jani kuoza ni mwisho wa jani, na kuoza binti ni mwanzo wa nyumba, na masikio hayatofautishi. Macho yanaweza kutofautisha, mtu akiyafunza. Mtoto wa Mtwara anayekua akijua kwamba nyekundu ya Oktoba maana yake ni kifo cha mwaka amefundishwa kusoma msitu wake kinyumenyume, na atapita Masasi ndani ya basi lenye vioo safi asione kitu. Nimekwisha kuwaona wa namna hiyo. Walikuwa wanatazama picha za vuli kwenye simu, na nje ya dirisha miombo inawaka.

Na asiyefika Masasi asiniambie hana la kuchora. Aende Naliendele, au Nanguruwe, au apande Makonde mpaka Newala na Tandahimba, asimame chini ya mkorosho wowote mwezi huo huo. Chini pale yamelala mabibo: ya njano, ya chungwa, mekundu, mengine yamepasuka na nyuki wameyazunguka, na harufu tamu ya kuchacha inakufuata hadi nyumbani. Rangi zote ambazo vijana wangu wanazitafuta katika simu ziko mchangani, zinakanyagwa. Maji ya bibo yakiingia nguoni hayatoki. Kila mama wa Mtwara anajua kuwa shati la shule lililoguswa na bibo limeaga weupe wake. Huu ni wino unaotia doa bure, nasi tunaagiza vielelezo vya majani kutoka ng'ambo!

Bibo lina maana pia, tena nzito kuliko ya boga lililotobolewa macho. Oktoba hapa ndio mwezi ambao nyumba nzima iko chini ya miti tangu alfajiri, inaokota, inanyofoa korosho, inaanika. Ndio mwezi ambao minada inasubiriwa, na bei ikitajwa redioni watu wananyamaza. Deni la dukani, ada ya mtoto, bati za nyumba iliyobaki kichwa wazi tangu mwaka juzi, mahari, sherehe ya mwali, vyote vimeambiwa: ngoja korosho. Hebu fikiri kadi ya mtu wa Mtwara kwenda kwa nduguye aliye mbali, iliyosemwa kwa rangi za bibo: tumeokota, tu wazima, mwaka huu tutaezeka. Nani atanionyesha jani la Kanada linaloweza kusema hivyo?

Yuko mfanyabiashara wa Dar es Salaam, kijana muungwana, anayenunua kadi za vijana wangu kwa shilingi 1,500 moja na kuziuza kwa bei asiyonitajia. Mwaka jana aliagiza 200, zote za jani la Kanada, boga na kindi. Nilipomhoji alicheka akasema, "Mama, biashara haigombi. Mgeni hununua anachokijua." Nimelisikia neno hilo katika vinywa vingi, vya wauza vinyago, vya wasuka mikeka, vya wenye mahoteli, na ni wakati lijibiwe.

Mgeni hununua anachokijua mpaka aonyeshwe asichokijua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, alimpelekea mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam sanamu ya shetani. Siku zile wanunuzi walizoea vinyago vya watu wa kawaida: mwanamke na mtungi, mzee na kiko. Hakuna mgeni aliyeagiza shetani. Angeliagizaje jambo ambalo hakujua kwamba lipo? Peera aliitia dukani, ikanunuliwa, na tangu hapo mashetani ya Wamakonde yamefika katika majumba ya makumbusho ya dunia. Mwingine ni Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, mwaka 1932. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na rangi za wasanii wala turubai. Alichukua hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, akachora wanyama kama alivyowaona kichwani mwake. Aliishi mpaka 1972 tu, miaka minne ya kazi, na leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji. Laiti angalichora paa wa theluji kwa kuwa ndiye anayejulikana kwa wageni, nani angalimkumbuka?

Tena tusizungumze kana kwamba kadi zenyewe zilianza kwa kuiga. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa kwa ajili ya kuuzwa ilitolewa London mwaka 1843 na Henry Cole, ikachorwa na John Callcott Horsley, nakala 1,000 kwa shilingi moja moja. Haikuwa na theluji. Ilikuwa na familia mezani ikinywa divai, na pande zote mbili maskini wakilishwa na kuvishwa. Wapo waliokasirika kwa sababu ya ile divai, lakini ilikuwa meza yao. Na kadi ya kwanza ya UNICEF, ya mwaka 1949, ilitokana na picha ya mtoto wa Chekoslovakia aitwaye Jitka Samkova, mwenye miaka 7. Alitaka kushukuru kwa msaada uliofika kijijini kwao baada ya vita. Karatasi hakuwa nayo, akachora kwenye kipande cha kioo, na alichochora ni watoto wakicheza kuuzunguka mlingoti wenye shada, ngoma ya kwao. Dunia haikusema haiijui ngoma ile. Iliinunua.

Kwa upande wa pesa peke yake, nikiacha mengine yote, jani la Kanada ni hasara. Mashine za mbali zinalichapa kwa mamilioni, zuri kuliko letu na rahisi kuliko letu. Anayeshindana na mashine kwa kuiga picha ya mashine amekwisha kupanga bei yake mwenyewe, nayo ni shilingi 1,500.

Kuna wengine wananijia kwa upande wa pili, na hao huniudhi zaidi kwa kuwa wanadhani tuko pamoja. Wanasema kadi ni desturi ya Wazungu, tuiache yote; watu wa pwani wana kanga, na kanga husema inachotaka kusema bila bahasha. Ni kweli, kanga ni kadi tosha, na zipo kanga zilizowahi kusema zaidi ya ilivyohitajika. Lakini nguo yenyewe ilikuja kwa meli, hata wino na karatasi vilikuja kwa meli, na sisi tulivipa la kusema. Sitaki kuiimba ile methali ya mwacha asili na utumwa. Imeimbwa mno na watu wasiojua asili inaota mwezi gani. Ninachotaka ni kidogo na kigumu zaidi: kwamba kadi inayotoka hapa itazamwe na jirani, naye aseme, "Aa, kumekucha korosho."

Wa simu, wanaosema salamu zote sasa zinatumwa bure kwa sekunde moja, sina la kuwajibu. Ndiyo maana iliyotengenezwa kwa mkono inastahili kuwa na habari.

Tangu Agosti tumekuwa tukijaribu kadi ya myombo, na kazi imetufundisha jambo ambalo darasani nisingeliweza kulieleza. Katika vielelezo vya kizungu usuli huanza na njano katikati na kwenda hudhurungi pembezoni, kwa sababu jani lao linaelekea hudhurungi. Letu linatoka katika nyekundu kwenda kijani. Jaribu kuziozesha hizo mbili moja kwa moja uone: zinapogusana unapata matope. Vijana waliharibu karatasi nyingi. Mmoja, mkimya kuliko wote, ndiye aliyegundua kwamba lazima upitie njano, na kwamba njano iachwe ikauke usiku kucha kabla ya kuleta kijani, maana hewa ya bahari haikaushi haraka. Wekundu juu, dhahabu katikati, kijani chini. Na pale dhahabu inapopokea kijani panatokea rangi ya shaba chakavu ambayo hakuna aliyeikoroga. Tulipomaliza tulilinganisha na tawi nililoletewa kutoka Masasi ndani ya gazeti lililoloweshwa. Ilikuwa ndiyo.

Kwa umbo hatukukata kiolezo. Tunalaza tawi lenyewe, lenye vijani vinavyotazamana viwili viwili, na kupitisha sifongo kandokando yake. Likiinuliwa linabaki jeupe juu ya rangi. Hakuna kadi mbili zinazofanana, na tawi moja huchoka baada ya kadi tano au sita.

Wiki iliyopita 40 za namna hiyo zilikwenda Dar es Salaam pamoja na 20 za bibo. Nyuma ya kila moja ya zile 40 vijana wameandika kwamba hili ni jani la myombo, limezaliwa Septemba kabla ya mvua. Neno vuli hawakuliandika. Walishauriana wenyewe na kulikata. Mfanyabiashara alinipigia simu juzi. Hakukataa, lakini alikuwa na wasiwasi, akaniambia wateja watauliza kwa nini jani jekundu limewekwa juu ya kijani, na kwa nini halianguki. Nikamwambia, mwanangu, waache waulize.